Swali la Mama kwa Serikali

Mama yangu alikuwa na swali moja tu kwa Serikali: wamempeleka wapi mtoto wake. Na mimi, binti yake, kazi yangu ilikuwa kumwandalia mbunge maswali ya kuiuliza Serikali. Ukisikia hivyo utadhani mambo yalikuwa mepesi.

Mtoto mwenyewe ni kaka yangu, kifungua mimba, aliyefariki kwa malaria akiwa na miaka mitatu, kabla mimi sijazaliwa. Wazazi wangu walikuwa wageni Dar, wametoka kusini na sanduku moja, hawana ndugu wa kuwaonyesha pa kuzika. Wakamzika kwenye makaburi ya kando ya barabara, huku kwetu pembezoni mwa Temeke, ambako siku hizo kulikuwa na mikorosho na nyumba za kuhesabu. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, mama alitupeleka mimi na mdogo wangu tukafagie kaburi na kuwasha mshumaa. Tulilalamikia jua. Tulilalamikia pia kwa nini tunamfagilia mtu tusiyemjua. Mama alitukata jicho, tukafagia.

Baba alipofariki tulimsafirisha kusini, kwao. Mama alikaa kule mpaka arobaini ikapita. Ni katika siku hizo hizo ndipo upanuzi wa barabara ulipofika mtaani kwetu. Gari la matangazo lilipita mara mbili, tangazo likabandikwa ofisi ya mtaa, waliokuwepo wakaenda kushuhudia makaburi yao yakihamishwa. Mimi na mdogo wangu tulikuwa msibani pamoja na mama. Tuliporudi, tulikuta kifusi chekundu kimesawazishwa vizuri na greda limeegeshwa juu yake. Mama alishuka kwenye bajaji akasimama pale na mfuko wake wa korosho mkononi, akauliza, "Wameenda naye wapi?"

Tulipigwa danadana ambazo sitaki hata kuzikumbuka zote. Ofisi ya mtaa walisema orodha ya makaburi yaliyohamishwa anayo mkandarasi. Mkandarasi alikuwa ameshamaliza kipande chake na kuondoa makontena. Halmashauri walisema faili liko wizarani, kwa sababu mradi ni wa wizara. Wizarani mlinzi hakutupitisha getini, eti tuandike barua. Tuliandika. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na hiyo ndiyo ikawa habari yake ya mwisho. Mtaani watu walisema makaburi yote yamepelekwa kwenye uwanja mpya ule wa karibu na njia ya treni. Tulikwenda huko tukakuta safu za vigingi vyenye namba, bila jina hata moja. Mama alitembea safu ya kwanza mpaka ya mwisho, akitafuta kigingi kifupi, kwa sababu aliamini mtoto angepewa kigingi kifupi. Vyote vilikuwa na urefu mmoja.

Basi ndiyo maana alipokuwa akinitazama navaa kwenda kazini asubuhi, alikuwa akinitazama kama mtu mwenye ufunguo.

Ofisi yetu ya mbunge ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: feni moja, mabenchi matatu, picha ya mheshimiwa akitabasamu. Watu walikuja na habari ndefu zinazoanzia kwa bibi zao. Kazi yangu ilikuwa kuziminya mpaka zibaki mistari mitatu inayoanza na "Je". Mtu anakuja amevunjika moyo, mkewe amejifungulia kwenye bajaji, wewe unaandika, "Je, ni lini Serikali itajenga wodi ya wazazi katika zahanati ya kata hii?" Swali la bungeni halitakiwi kuwa hotuba, halitakiwi kulaumu, halitakiwi kuwa shida ya mtu mmoja. Machozi hayaingii kwenye Orodha ya Shughuli. Nilikuwa hodari wa kuyakamua, na nisidanganye, nilijivunia.

Niliyaamini hayo maswali kuliko hata mheshimiwa mwenyewe. Ukimuuliza waziri msibani, atakupa pole. Ukimuuliza mkutanoni, atakupa ahadi. Lakini ukimuuliza kwa maandishi kupitia Bunge, lazima kuna mtu wizarani atafungua faili, atasoma, ataandika, mkubwa wake atasaini, na karatasi itabaki. Wabunge wengi walipenda maswali yanayojibiwa ukumbini, mbele ya kamera, ambako unapata na nafasi ya swali la nyongeza. Yale yanayojibiwa kwa maandishi waliyaona makombo. Mimi niliyapenda makombo. Jibu la ukumbini lina pongezi nyingi na "Serikali inatambua umuhimu wa". Jibu la maandishi wakati mwingine linakuja na jedwali, na kwenye jedwali ni vigumu kupiga porojo.

Mheshimiwa wetu, tumpe haki yake, alikuwa mchapakazi. Ila alikuwa na ugonjwa wa "ni lini". Alikuwa akisema "wapi" na "nani" ni maswali ya polisi. Swali la mbunge ni "ni lini", kwa sababu Serikali ikishataja mwaka umeikamata, mwaka ukifika unarudi nao. Nilijifunza kwake mpaka na mimi nikaambukizwa. Hata nyumbani nilimuuliza mdogo wangu ni lini ataoa, badala ya kumuuliza ana nani.

Mkutano wa Bunge ulipokaribia, tulikuwa na nafasi ya swali moja kuhusu ule uwanja mpya wa makaburi. Wananchi wengi walilalamika: hauna uzio, mbuzi wanaingia, gari la maiti linakwama mvua ikinyesha. Nikaandika vipengele viwili. Cha kwanza kiliuliza ni lini Serikali itajenga uzio na barabara ya kuingilia. Cha pili kiliuliza orodha ya makaburi yaliyohamishwa iko wapi, na kila marehemu amezikwa sehemu gani. Nikampigia mheshimiwa simu Dodoma nikamsomea.

"Dada, hicho cha pili kina watu wangapi?" aliniuliza.

Nilijua jibu. Waliokosa kushuhudia walikuwa wachache, familia tatu au nne zilizokuja ofisini, pamoja na sisi.

"Si wengi, mheshimiwa."

"Basi gawanya. Uzio peke yake, barabara peke yake. Ni lini na ni lini. Tuwabane."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilitakiwa kusema, mheshimiwa, mmoja wa hao wachache ni mama yangu, ana ugonjwa wa moyo, miguu imemjaa maji, na ameniomba akifa tumlaze karibu na mwanawe. Sikusema. Nilikuwa nimewahi kumsema vibaya mwenzangu wa ofisini kwa kupenyeza swali la barabara inayopita mlangoni kwa shemeji yake. Nilimwambia mbele za watu kwamba ofisi ya umma si ya kumaliza shida za ukoo. Sasa ningeanzaje? Niliona haya. Nikajiambia kwamba la mama litapata nafasi yake, tena nikajisikia mwadilifu kwa siku mbili tatu. Nikafuta kipengele cha pili, nikagawa cha kwanza, swali likaenda Dodoma.

Jioni mama aliniuliza kama swali limekwenda.

"Limekwenda, mama," nikamjibu.

Huo haukuwa uongo mtupu, na ndiyo maana ulinitoka kirahisi.

Kwa wiki nzima mama alikuwa akiwasha televisheni kila asubuhi kwenye kipindi cha maswali, mto mgongoni, miguu juu ya kigoda. Alikuwa amevaa vizuri, kitenge na kilemba, utadhani wao ndio wanaomwona yeye. Alijifunza mpaka utaratibu. Alikuwa akininong'oneza, "Huyu anataka la nyongeza, tazama anavyojikohoza." Kila mara swali letu lilipokosa kusomwa nilimwambia huenda litajibiwa kwa maandishi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Muda haukutosha, likaingizwa miongoni mwa yanayojibiwa kwa maandishi, na jibu likafika ofisini kwetu baada ya Mkutano kufungwa.

Ningeweza kulificha. Mdogo wangu mpaka leo ananiambia ningelificha. Lakini mama alikuwa anaulizia kila siku, nami nilikuwa nimechoka kumkwepa nyumbani kwake mwenyewe. Nilimkuta uani, anachambua mchicha kwenye ungo, polepole, akipumzika kila baada ya fungu moja. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsomea. Serikali inatambua umuhimu wa kuyahifadhi maeneo ya maziko. Uzio utajengwa katika mwaka wa fedha ujao. Barabara itafanyiwa matengenezo kadiri fedha zitakavyopatikana. Karatasi ikaisha.

Mama aliendelea kusubiri. Alidhani nimekatisha ili nimeze mate.

"Na mwanangu?" akauliza.

"Halijasema, mama."

"Halijasema, au hamkuuliza?"

Nikamweleza yote: vipengele viwili, simu, familia chache, haya niliyoona. Nilisema haraka haraka huku nikikunja ile karatasi na kuikunjua. Nilitegemea anifokee, na ningefurahi. Mama alijua kufoka. Tulipokuwa wadogo majirani walikuwa wakipunguza redio ili wasikie vizuri. Safari hii aliokota jani la mchicha lililodondoka akalirudisha kwenye ungo.

"Mie sina haja na uzio," akasema. "Mbuzi wale majani yao. Baba yenu ana ndugu zake kule kusini, wamemzunguka. Huyu hapa hana mtu. Mwanangu, nimekaa naye mji huu miaka yote hiyo, nimekataa kurudi kwetu kwa ajili yake. Sasa mnaniambia hamjui alipo, na wewe ndiye unayeuliza?"

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa uliza."

Nililia usiku ule, si kwa sababu alinisema, bali kwa sababu alinisamehe kabla sijamaliza kuomba. Hakunipa hata nafasi ya kujitetea.

Asubuhi nilimpigia mheshimiwa simu nikamweleza habari ya mama.

"Dada, mbona hukuniambia ni mama?"

"Niliogopa kutumia ofisi, mheshimiwa."

"Mama yako si mwananchi wa jimbo hili? Hapigi kura hapa?" Alikasirika kweli. "Ungesema neno moja tu, lingekwenda siku ile ile."

Neno moja tu. Sijawahi kuambiwa jambo baya kuliko hilo, na aliyeniambia alikuwa na nia njema.

Lakini Mkutano uliofuata ulikuwa bado wiki nyingi. Bunge lina kalenda yake, halikutani kwa sababu mgonjwa wa Temeke amevimba miguu. Niliandika swali upya, safari hii fupi kuliko yote niliyowahi kuandika: orodha ya makaburi yaliyohamishwa iko wapi, na kila marehemu amezikwa wapi. Sikuweka "ni lini" hata moja. Mheshimiwa mwenyewe aliomba lijibiwe kwa maandishi, lisisubiri zamu ya ukumbini, ingawa ingempendeza zaidi kusimama nalo mbele ya kamera. Nilikwenda kumwonyesha mama nakala. Alikuwa kitandani, anapumulia juu juu. Akaniambia nimsomee, nikamsomea, akaomba tena, nikarudia.

"Hilo ndilo," akasema. "Limenyooka."

Tulingoja. Nilikuwa nikifungua barua pepe ya ofisi kabla sijanywa chai, na tena kabla ya kulala. Mama aliacha kuniuliza, na kuacha kwake kuuliza kuliniumiza kuliko maswali yake yote. Siku ya Mkutano kufunguliwa alikuwa amelazwa. Alifariki siku ya sita ya Mkutano, alfajiri, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimekwenda nyumbani kubadilisha nguo.

Msibani ukazuka ubishi. Wazee kutoka kusini walitaka asafirishwe, akalale na mumewe. Mdogo wangu akasimama kwa heshima zote akasema mama alishasema atalala karibu na mtoto wake. Wakauliza, yuko wapi huyo mtoto? Mahema yote yakanigeukia mimi, mwenye kazi ya bungeni. Nikasema, nadhani yuko uwanja mpya, ule wa njia ya treni. Watu wote mtaani walisema hivyo. Nikasema "nadhani" kwa sauti ndogo, na wazee wakachukua lile la uwanja mpya wakaliacha "nadhani". Tukamzika pale. Padri akasema sasa mama na mwana wamekutana, wanawake wakaimba, na mimi nikaimba pia, nikajilazimisha kuamini.

Jibu lilikuja siku ya kumi na moja baada ya maziko.

Lilikuwa kurasa nane. Ukurasa wa kwanza ulikuwa barua, nyingine zote jedwali: namba ya zamani, jina kama lilivyosomwa kwenye msalaba au jiwe, uwanja aliohamishiwa, safu, namba mpya. Kazi safi. Kuna mtu alikuwa amepita kaburi kwa kaburi juani na kuandika kila alichosoma, na orodha yake ilikuwa imekaa kwenye faili tangu siku ile greda lilipoingia. Hakuna aliyeificha. Hakuna aliyekuwa ameiuliza kwa njia ambayo ingewalazimu kuitoa. Tangu Mkutano ufunguliwe, swali lilikuwa limechukua chini ya wiki tatu kujibiwa.

Barua ilieleza kwamba sehemu iliyotengwa kwa makaburi ya kuhamishwa kwenye uwanja wa njia ya treni ilijaa kabla kazi haijaisha, hivyo makaburi ya upande wa mashariki, yakiwemo mengi ya watoto, yalipelekwa uwanja mwingine, mbele ya Pugu. Nilishuka na kidole kwenye jedwali. Jina la kaka yangu lilikuwa ukurasa wa sita, limeandikwa sawasawa, jina lake, la baba na la ukoo. Pugu. Safu ya tisa.

Nilihesabu, sikuweza kujizuia. Kama kile kipengele cha pili kingebaki, jibu hili lingefika mama angali anachambua mchicha uani. Ningempeleka kwa bajaji. Angekaa pale na mshumaa wake, na angetuonyesha kwa kidole pa kumlaza. Mheshimiwa alinipigia kunipa pole, akasema angalau Serikali imewajibika. Ni kweli, iliwajibika. Nilimshukuru nikakata simu.

Mdogo wangu alisema tumhamishe mmoja wao. Tukauliza. Kuna kibali, kuna utaratibu, na wazee wa kusini waliposikia walisema hapana, marehemu hafukuliwi mara mbili, na mama naye asisumbuliwe ardhi haijakauka juu yake. Sikuwa na nguvu ya kubishana nao. Sikuwa na haki pia.

Nilikwenda Pugu peke yangu, siku ya Jumamosi. Mlinzi wa uwanja aliitazama karatasi yangu, akanitangulia mpaka safu ya tisa, akanionyesha, akaondoka. Kigingi kilikuwa kimeinama. Nilikisimamisha, nikakishindilia udongo kwa kiatu. Nikasimama pale mwanamke wa miaka arobaini na mbili mbele ya kaka wa miaka mitatu, sijui hata nimwamkieje. Maisha yangu yote nilikuwa nimemfagilia bila kumwambia neno. Nikachuchumaa. Nikamwambia mama amefariki. Nikamwambia alikuwa anamtafuta. Kisha nikamweleza mahali alipo: ukitoka hapa unarudi mpaka barabara kubwa, unafuata reli, uwanja wa mkono wa kushoto, safu ya mwisho, kaburi jipya lenye msalaba mweupe. Nilimwelekeza polepole, na nilipomaliza nikarudia tangu mwanzo.